Mashine Iliyokwama Mlangoni Kwetu

Mlango wa mbele wa nyumba yetu hapa Kilole hautumiki. Anayekuja kwetu mara ya kwanza hupiga hodi, kisha husimama akishangaa, maana pale alipotegemea kuona mlango anakuta mashine ya kufumia nguo, nusu iko sebuleni na nusu iko barazani, na wanawake wawili wamekaa huku na huku wakibishana. Tunamwambia, "Zunguka nyuma." Majirani wameshazoea. Ni mgeni mmoja aliyeniuliza sababu, nikamweleza kwa mdomo, akadhani namtania. Ndiyo maana naandika.

Kikundi chetu cha kusokota na kufuma hukutana kwenye ghala la zamani la mkonge, si mbali na nyumbani. Wanachama ni kina mama, na mimi. Niliingia kwa kurithi. Mama yetu alikuwa mwanachama, na alipofariki, muda si mrefu baada ya baba, aliacha kapu la uzi aliousokota mwenyewe, akaacha na wadogo zangu watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike. Nilikuwa kidato cha pili, nikaacha shule. Nilijifunza kusokota kwa sababu ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya huku anaangalia sufuria ya maharage na kumkagua mtoto madaftari. Kina mama wa kikundi walitulea kwa uji na kwa makaripio, na sijui kipi kilitufaa zaidi. Waliniita "baba watoto" wakati hata ndevu sina.

Mashine yenyewe ilitengenezwa na seremala ambaye maisha yake yote alikuwa ametengeneza vitanda tu. Alielezwa miguu minne, akaelewa. Alielezwa miti miwili ya kuzunguka, mmoja wa kushika nyuzi na mwingine wa kukunjia nguo inayofumwa, akaelewa kwa shida. Lakini hakuweza kukubali kwamba kitu cha futi nne kwa sita kitoke karakana yake bila ubao wa kichwani. Akauweka, mkubwa, wenye mioyo miwili ya kuchongwa na maua pembeni, akaupiga vanishi mpaka ukawa unang'aa. Mwenyekiti wetu alipolalamika, akajibiwa, "Mama, huo nimewazawadia."

Sheria za kikundi ni mbili tu. Ya kwanza inahusu mtande, yaani zile nyuzi ndefu zinazofungwa kwenye mashine kabla ya yote. Mtande ukishatandwa haukai bure: kila mwanachama anayeingia ghalani lazima apitishe mshindio, ule uzi unaokwenda na kurudi kati ya mtande, mpaka nguo iongezeke shubiri moja, ndipo akae. Sheria ya pili ni kwamba nguo haikatwi kutoka kwenye mashine ikiwa kuna wanachama wawili walionuniana. Nguo iliyokatwa kwa kinyongo, walisema waanzilishi, itafumuka ikiwa mwilini mwa mtu. Kwa hiyo wenye ugomvi wasalimiane kwanza, kwa midomo yao wenyewe, mbele ya mashine, ndipo mkasi utoke. Mkasi hukaa kwa mwenyekiti, umefungwa kwenye pindo la kanga yake pamoja na funguo za ghala. Akija unamsikia kabla hujamwona.

Sheria hizi hazikuwahi kutusumbua mpaka mdogo wangu wa kike alipochumbiwa.

Mchumba alikuwa kijana wa Bungu, mtu mpole, na aliyekuja kuposa kwa niaba yake alikuwa mjomba wake, mzee mwenye ndevu nyeupe na fimbo. Alipokaribishwa sebuleni alitazama huku na huku akauliza, "Mzee mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi," nikasema. "Shikamoo."

"Hapana, hapana," akasema huku akiinuka kitini. "Hapa wewe ndiye baba wa mtoto. Shikamoo."

"Mzee, mimi siwezi kuitikia shikamoo yako."

"Na mimi siwezi kuitikia ya kwako, nimekuja kuomba."

Shikamoo mbili zikaning'inia hewani hazina wa kuzipokea, mpaka mdogo wangu akaleta chai na mazungumzo yakaanza upya kutokea kwenye sukari.

Kwetu, binti anapotoka kwao kwenda kwa mumewe hutolewa kwa mlango wa mbele akiwa amefunikwa nguo, na anayemfunika ni mzazi. Mzazi alikuwa mimi. Nguo nilikwisha kuiwaza tangu huyo dada yangu alipokuwa anavaa sare ya shule ya msingi. Lile kapu la uzi wa mama sikuligusa miaka yote. Niliposema kwamba huo ndio uwe mtande wa nguo ya bi harusi, kina mama wakainuka wote kwa pamoja kuutanda, na mwenyekiti akasema ole wake atakayeukata uzi hata mmoja kwa bahati mbaya. Nilitaka kitu hicho kimoja tu katika harusi nzima: mdogo wangu atoke nyumbani akiwa chini ya mikono ya mama yake. Mengine, pilau, magari, hayo yangekwenda yatakavyokwenda.

Tulitanda mtande mrefu, kama ada, unaotosha nguo kadhaa, ya kwanza ikiwa ya bi harusi. Na nguo ilikuwa imefika magotini mwa mtu pale walipokosana bibi wa Handeni na mama wa Mpale.

Bibi wa Handeni ni Mzigua, mfupi, mkavu, mwenye nguvu za kubeba kuni ambazo mimi nisingeziinua. Yeye husokota kwa kuzungusha kijiti chake cha kusokotea kwenda kulia. Mama wa Mpale ni Msambaa, mnene, mcheshi, na umri wake ni kama wa mabinti za bibi. Yeye husokota kwenda kushoto. Uzi wa kulia na uzi wa kushoto, ukizitazama kwa mbali, ni ndugu. Lakini ukiuchukua uzi uliosokotwa kulia ukauzungusha kushoto, unalegea, unalegea, mwisho unarudi kuwa pamba. Kila mmoja wao anajua hili. Kila mmoja pia anaamini kwamba mwenzake ndiye anayesokota kinyumenyume.

Siku hiyo bibi aliacha ghalani mabonge yake ya mshindio, ya kumalizia pindo la nguo ya bi harusi, akaenda kuswali. Mama wa Mpale akayashika, akaona yamelegea. Kwa nia njema kabisa, na hili naliapia, akaamua kumsaidia bibi kwa kuyakaza. Akayapitisha yote kwenye kijiti chake, kushoto. Bibi aliporudi alikuta mahali pa mabonge yake kuna kilima cha pamba, na mama wa Mpale kando yake akiizungushia pamba hiyo kijiti kwa bidii na mshangao, akisema, "Bibi, uzi wako huu una nini?"

"Umenifumua," bibi akasema.

"Nimekusaidia!"

"Umenifumua mbele za watu."

Yakawa ndiyo maneno yao ya mwisho.

Kuanzia hapo walikuja ghalani kila siku kama kawaida, wakakaa mahali pao palepale, bega kwa bega, na hawakusemezana. Kama ilikuwa lazima kusema, walizungumza na vitu.

"Wewe gurudumu," bibi angeliambia gurudumu la kusokotea, "mwambie aliyekukalia karibu akutoe njiani."

"Na wewe gurudumu," mama wa Mpale angejibu, "mwambie aliyekutuma kwamba huna miguu."

Mwenyekiti aliitisha kikao. Sharti lilikuwa wazi na fupi. Mama wa Mpale ndiye mdogo, kwa hiyo atoe shikamoo, bibi aitikie marahaba, mkasi utoke. Mama wa Mpale akasema hawezi kumwamkia mtu aliyemwita mfumuaji mpaka mtu huyo alirudishe neno lake. Bibi akaliambia dirisha kwamba marahaba haitolewi hewani, inasubiri shikamoo, na yeye ana subira. Mwenyekiti akanigeukia.

"Baba watoto, useme wewe. Nguo ni yako."

Nikasema labda wote wawili wana haki, na nikaona mara moja kwamba nimekosea, kwa sababu wote wawili walilitazama lile gurudumu kwa dharau iliyokusudiwa mimi.

Kisha wakaenda kwenye ushahidi. Bibi aliliambia kapu kwamba marehemu mama yangu alijifunza kusokota kwake yeye, hivyo mtande mzima ni wa kulia. Mama wa Mpale akaliambia kapu lilelile kwamba marehemu alikuwa shoga yake na alisokota kama yeye. Wakayafungua mabonge machache ya mama yaliyokuwa yamebaki kapuni, wakayapeleka kwenye mwanga. Bonge moja lilikuwa la kulia. La pili lilikuwa la kushoto. Mengine yalianza kulia yakamalizikia kushoto, na ilionekana wazi kabisa kwamba mama alisokota upande wa yeyote aliyekuwa amekaa karibu naye, ili kuepusha maneno. Nilicheka peke yangu. Bibi akachukua bonge la kulia, mama wa Mpale akachukua la kushoto, kila mmoja akakaa na ushahidi wake mapajani, na ugomvi ukawa mkubwa kuliko mwanzo.

Huku nguo inakua. Haikuweza kukatwa, lakini sheria ya kwanza nayo ilikuwa hai, na kila aliyeingia alifuma shubiri yake. Nguo ilipita urefu wa mdogo wangu. Ikapita urefu wangu na fimbo ya mjomba juu. Mti wa kukunjia ulinenepa kama gunia. Kuna siku nilimkuta mwenyekiti mwenyewe amesimama mlangoni mwa ghala, haingii, kwa sababu alikuwa amekuja kuchukua mwavuli tu na hakutaka kufuma. Aliniomba nimrushie.

"Kaka," mdogo wangu akaniambia, "nifunike kanga ya dukani, yaishe."

"Hapana."

"Basi kaibe mkasi."

"Waliotulisha uji niwaibie mkasi?"

"Kwa hiyo mimi niolewe na mashine?"

Lakini uzi wa mama ulikuwa umeshatandwa, na watu walioutanda ndio haohao wenye sheria. Sikuona namna ya kuchukua kimoja nikaacha kingine.

Asubuhi ya harusi ilifika na wale wawili bado hawajaamkiana. Nilikwenda ghalani kabla ya kwenda msikitini. Mwenyekiti alikuwa amekaa mbele ya mashine, mikono mapajani, amevaa nguo zake za harusi.

"Nimefikiri," akasema. "Sheria inakataza mkasi. Haikatazi kutembea."

"Kutembea nani?"

"Mashine. Tutaibeba mpaka kwenu. Tutaifungua nguo kwenye mti wa kukunjia, tumfunike mtoto kwa kile kichwa cha nguo, huku mkia umeshikwa na mashine. Atakuwa amefunikwa. Kukata ni habari nyingine."

Nilimwangalia nione kama anatania. Hakuwa anatania. Na ubaya ni kwamba sikuona kosa katika hoja yake.

Nilikwenda msikitini, nikashika mkono wa bwana harusi, nikamwoza dada yangu. Tulipokuwa tunarudi na wageni wa Bungu, tukakutana na kikundi njiani. Wanawake wameibeba mashine, wanaimba, ubao wenye mioyo miwili ukiwa juu unang'aa juani, na watu wa Kilole wametoka majumbani kuipigia vigelegele. Kila mtu aliona kitanda cha bi harusi. Mbele kabisa, amebeba pembe ya mashine kwa kichwa, alikuwa bibi wa Handeni, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumzuia. Nyuma kabisa, kwa sababu hiyohiyo, mama wa Mpale.

Mjomba wa bwana harusi alisogea karibu, akainama, akachungulia chini.

"Kizuri," akaniambia polepole, kwa adabu ya mtu asiyetaka kudharau zawadi. "Mbao nzuri. Lakini mbona hakina chaga?"

"Si kitanda, mzee."

"Ni nini?"

"Ni nguo."

Akanitazama, akatazama mashine, akatikisa kichwa kwa heshima. Nadhani kuanzia hapo aliamua kutouliza tena kitu chochote kuhusu familia yetu.

Mashine iligeuzwa ubavu ili iingie mlangoni. Bibi akatangulia ndani, akirudi nyumanyuma. Ilipita nusu. Kisha ule ubao wa seremala ukakwaruza fremu ya mlango, ukagonga juu, ukabana. Wakasukuma walioko nje. Ikabana zaidi. Wakavuta walioko ndani. Ikatoa mlio wa mbao, ikatulia pale, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na mtande umeuziba mlango wote kama chandarua. Ndani walikuwa bi harusi na bibi wa Handeni na mimi, niliyekuwa nimezunguka kwa mlango wa uani. Nje walikuwa mama wa Mpale, mwenyekiti, bwana harusi, na Bungu nzima.

Mdogo wangu alikuwa tayari amefunikwa. Tulikuwa tumeifungua nguo kutoka kwenye mti na kumtupia kichwani, na kwa sababu ya urefu wake ilikuwa imemzunguka mara kadhaa, hata sauti yake ilitoka kwa mbali.

"Kaka, kuna nini?"

"Kuna mlango."

"Apitie uani," mtu mmoja alishauri kutoka nje.

"Uani?" Hiyo ilikuwa sauti ya mjomba. "Tumchukue mke kwa mlango wa nyuma, kama tumemwiba? Hapana. Tutasubiri." Akagonga fimbo yake chini.

Pilau lilikuwa linapoa. Ndani, bibi aliishika pembe yake ya mashine kwa mabega. Nje, mama wa Mpale alikuwa ameingia chini ya pembe ya pili kuiinua.

"Wewe mashine," bibi akasema, "mwambie aliyeko nje ashushe upande wake."

"Wewe mashine," ikajibiwa, "mwambie aliyeko ndani ainue wake kwanza."

"Mashine, mwambie mimi nimeshainua!"

"Mashine, mwambie hajainua, namwona!"

Hapo ubao ukalia kwa kishindo, pembe ya nje ikateremka ghafla, na nikasikia mama wa Mpale akipiga ukelele. Mguu wake ulikuwa chini.

"Toa mguu!" bibi akapaza sauti, moja kwa moja, si kwa mashine wala kwa mtu mwingine. "Toa mguu wewe mtoto, utavunjika!"

"Nikitoa itakuangukia wewe!"

"Iniangukie, toa!"

"Sitoi, bibi!"

Nilisikia kuku uani.

"Wamesemezana," nikasema.

"Wamegombana," mwenyekiti akajibu kutoka upande wa pili wa mtande. Kupitia nyuzi niliona uso wake umekatwakatwa vipande vyembamba. "Sheria inataka salamu."

"Mwenyekiti, mguu wa mtu uko chini ya mbao."

"Nauona. Na salamu ni fupi."

Nadhani hapo mjomba wa Bungu alichoka. Aliweka mdomo karibu na mtande akapaza sauti, "Shikamooni nyote humo ndani! Marahaba nyote huku nje! Tumemaliza?"

"Wewe si mwanachama," mwenyekiti akamwambia.

Kisha, kutoka chini ya mashine, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, ikatoka: "Shikamoo bibi."

Bibi alikuwa ameisubiri kwa muda mrefu na sasa aliitazama pande zote kama bonge la uzi anaotaka kujua umesokotwa upande gani.

"Marahaba," akasema. "Mabonge hayakuwa yamelegea."

"Yalilegea kidogo, bibi."

"Kidogo. Sasa toa mguu."

Akatoa mguu. Nje wakapiga vigelegele, ndani tukaitikia, na mwenyekiti akashika pindo la kanga yake kufungua mkasi, akapapasa, akapapasa tena, kisha akatulia. Alikuwa amevaa kanga za harusi. Mkasi ulikuwa ghalani, kwenye ile kanga ya kila siku.

Nilikimbilia uani kwa wapishi nikarudi na kisu cha vitunguu. Mwenyekiti akanitazama kupitia nyuzi, akakubali kwa kichwa. Nikaushika mtande wa mama, nyuzi zote, za kulia na za kushoto, nikakata. Zilikatika kwa sauti ndogo, nyingi, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Machozi yalinitoka, na kila aliyekuwepo aliamini ni vitunguu, pamoja na mimi kwa muda.

Mtande ulipoanguka, mlango haukuwa na kitu tena ila fremu tupu ya mbao. Mdogo wangu akainama, nikamshika mkono, akapita katikati ya mashine, chini ya mioyo miwili ya seremala, akatokea barazani kwa mumewe. Alitembea mpaka kwenye gari, akaingia, akakaa, na mkia wa nguo ulikuwa bado unatoka sebuleni. Bibi na mama wa Mpale waliushika, mmoja ndani na mmoja nje, wakawa wanaupitisha polepole mpaka ukaisha. Mdogo wangu alinuka vitunguu mpaka Bungu, shemeji yangu amenihakikishia.

Seremala alikuja baadaye, akapima, akasema kuitoa lazima avunje ukuta au aukate ubao wa kichwani. Ubao hakukubali kuukata. Ukuta sikukubali mimi. Wakati tunajadili, mwenyekiti alikuwa ameshagundua kwamba bado kuna mtande kwenye ule mti wa pili, unaotosha nguo nyingine, na mtande haukai bure. Wakaufunga upya palepale.

Basi kikundi sasa hukutana kwetu. Bibi wa Handeni hukaa sebuleni, mama wa Mpale barazani, mguu ameunyoosha mbele, wakipeana mshindio kupitia nyuzi na kuambiana siku nzima ni yupi anayesokota kinyumenyume. Huambiana wenyewe, ana kwa ana.

Mdogo wangu alikuja kutusalimia juzi. Alipiga hodi mlango wa mbele, ameshika kapu la maparachichi ya Bungu, ile nguo ameikunja mara nyingi begani. Nilimwona vipande vipande kupitia uzi wa mama.

"Shikamoo kaka. Nipite?"

Nilitazama mtande, nikatazama wale wawili, ambao siku hiyo walikuwa wamekosana kuhusu chumvi.

"Marahaba," nikamwambia. "Zunguka nyuma."